Maji Kung'aa Si Kufaa

Wasomaji wetu, sisi tufundishao katika shule zilizo chini ya Mlima Meru tumezoea jambo ambalo haikutupasa kulizoea. Mwalimu asemapo neno la kuchekesha darasani, watoto wengi hucheka huku wameziba vinywa kwa viganja. Mgeni hudhani ni adabu. Si adabu, ni haya. Maana meno yao yana mabaka ya kahawia, na mengine yamemomonyoka kama chokaa ya ukuta uliolowa. Mtoto wa namna hii akienda mbali na kwao huambiwa hajui mswaki, naye hupiga mswaki kila asubuhi. Aibu hii si yake, nasi leo twataka kusema ni ya nani.

Kilichoyaharibu meno hayo ni floridi, madini yaliyomo katika majivu na miamba ya volkano. Maji ya mvua yapitapo humo huyayeyusha, yakayachukua mpaka chemchemi na visima. Floridi hiyo haina rangi, haina harufu, wala ulimi hauitambui. Imo kwa wingi katika maji ya sehemu nyingi za Arusha na Meru, na ng'ambo ya mpaka, huko Nakuru na kwingineko katika Bonde la Ufa. Mtoto akiinywa kupita kiasi katika miaka yake minane ya kwanza, meno yaliyo bado ndani ya ufizi hujengeka vibaya. Yakiisha kutoka, hapana mswaki uwezao kuyang'arisha. Akizidi kunywa maji yenye floridi nyingi sana, mifupa nayo huingiliwa: viungo hukakamaa, na miguu ya watoto wengine hupinda.

Sasa sikieni habari ya Marekani, maana yatuhusu. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alifika mji wa Colorado Springs akawakuta wenyeji wana meno ya kahawia kama ya watoto wetu. Alitafuta sababu miaka mingi, na mwaka 1931 ikajulikana kuwa ni floridi ya maji. Lakini wataalamu waliona pia kwamba watu hao hawakuoza meno sana kama wengine. Ndipo wakafikiri: ikiwa nyingi yaharibu, kidogo chaweza kufaa. Tarehe 25 Januari 1945 mji wa Grand Rapids ukaanza kutia floridi kwa makusudi katika maji ya mabomba, yapata miligramu 1 kwa kila lita, na miji mingi ikafuata.

Desturi hiyo imeleta ugomvi usiokwisha. Wenye kuipinga wauliza kwanza juu ya dawa yenyewe. Kwani itumiwayo zaidi ni asidi ikusanywayo katika moshi wa viwanda vya mbolea ya fosfati, nao wahofu kwamba huenda imechanganyika na chembe za aseniki au risasi. Wenye kuitetea hujibu kwamba dawa hiyo hupimwa, na kwamba ikiisha kuchanganywa na maji mengi chembe hizo huwa haba mno. Kisha wauliza juu ya kipimo. Mwaka 2015 serikali ya nchi hiyo ilishusha kipimo chake kuwa miligramu 0.7 kwa lita. Mwezi wa Agosti 2024 wataalamu wake wa sumu walitoa taarifa kwamba maji yenye zaidi ya miligramu 1.5 yahusiana na upungufu wa akili kwa watoto, na kwamba ushahidi walio nao hautoshi kukata neno juu ya ile 0.7. Mwezi uliofuata jaji wa San Francisco aliamuru serikali ichukue hatua, ingawa hakusema kwamba madhara yamethibitika. Mwaka 2025 majimbo ya Utah na Florida yakapiga marufuku kabisa kutia floridi katika maji ya watu wote.

Hatuandiki ili tuamue kesi ya Wamarekani. Twaandika kwa sababu ya jambo moja lituchomalo moyo. Wao wabishana mpaka mahakamani juu ya sehemu saba za kumi za miligramu, zilizotiwa na mtu mwenye mizani mkononi. Sisi tunavyo visima ambamo volkano imetia mara kumi ya hizo na kuzidi, wala hapana aliyeshika mizani, nasi tumenyamaza.

Tena wako miongoni mwetu waliousikia ugomvi huo wakaufahamu kombo. Husema, "Floridi ni sumu, tupeni dawa ya mswaki," kisha huenda kuteka maji kisimani bila kuuliza neno. Hao wamkimbia mjusi na kukalia chatu. Dawa ya mswaki mtu huitema, na mtoto mdogo hutiwa kidogo tu na kufundishwa asiimeze. Maji huyameza, huyapikia uji, huyachemshia chai, siku zote za maisha yake. Chumvi kidogo huutia mchuzi ladha, na konzi zima huharibu chungu. Lakini chumvi ni ile ile. Neno ni kipimo.

Lakini lawama yetu kubwa yawaelekea wale wafunguao visima. Tumezihudhuria sherehe hizo. Utepe hukatwa, hotuba husomwa, mgeni wa heshima hujaza bilauri, huiinua juani ili watu waone jinsi maji yang'aavyo, naye hunywa funda moja akapigiwa makofi. Kisha hurudi kwake kunywa maji ya kwake, na kijiji chabaki kunywa kisima hicho miaka thelathini. Hatujasikia hata mara moja katika sherehe hizo mtu akisimama na kusema, "Maji haya yana floridi kiasi hiki." Jua halipimi floridi, wala makofi hayaipimi.

Wengine watatujibu kwamba maji ni haba, na heri maji yo yote kuliko kiu. Neno hilo lina uzito, nasi hatumwambii mtu afe kiu. Ndiyo sababu serikali ya Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita, na Shirika la Afya Duniani likisema 1.5, hata mwaka 2018 kipimo cha nchi kikashushwa kuwa 1.5 vile vile. Lakini uhaba waweza kuwa udhuru wa kukosa maji mema. Hauwezi kuwa udhuru wa kumficha mtu habari ya maji anywayo. Wengine husema, "Wazee wetu waliyanywa." Naam, waliyanywa, watazameni migongo na magoti yao. Na wengine husema, "Tutayachemsha." Ndugu, kuchemsha huua vijidudu, lakini floridi haifi, maji hupungua kwa mvuke, nayo hubaki ikazidi nguvu. Na magadi mengi ya nchi hizi tutiayo katika maharage huiongeza.

Basi twataka mambo matatu, wala si makubwa. La kwanza, kisima kisifunguliwe kabla ya kupimwa floridi, na hesabu yake iandikwe juu ya kibao penye bomba, kwa tarakimu kubwa, hata mtoto wa darasa la pili aweze kuisoma. La pili, maji ya mvua, ambayo karibu hayana floridi, yakingwe juu ya mapaa ya shule na kuwekwa kwanza kwa ajili ya wadogo, ambao meno yao bado yajengeka. La tatu, elimu tuliyo nayo itumike. Huko Ngurdoto, karibu na Arusha, wataalamu wamekwisha kuonyesha jinsi mkaa wa mifupa ya ng'ombe unavyoikamata floridi. Na huko Nakuru Jimbo Katoliki lilianza kazi ya vichujio vya mkaa huo mwaka 1998. Mkaa huchoka, na hapana budi kubadilishwa. Lakini mifupa haijapata kukosekana katika nchi ya wafugaji.

Nasi walimu tuna la kwetu. Tuache kuwauliza watoto hao mbele ya wenzao kwamba wamepiga mswaki au hawakupiga. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mtoto azibaye kinywa chake hafichi kosa lake. Aficha la wale waliojua, au waliopaswa kujua, kilichomo ndani ya maji wasimwambie mama yake. Tuwaambie mama zao. Tena tuwaulize wenye visima mbele ya watu, siku ile ile ya utepe, kabla bilauri haijainuliwa: hesabu yake ni ngapi?