Madirisha ya kioo kwenye kompyuta za mpakani: kwa faida ya nani?

Wadau, leo nina ugomvi na vijana wenzangu mnaoandika programu. Mnajijua.

Kuna ugonjwa umewaingia wa kufanya kila dirisha la programu lionyeshe kilicho nyuma yake, kama kioo. Kazi yenyewe ni rahisi mno. Tangu Windows 2000, programu inaweza kusema dirisha lake lionekane kwa kiwango gani: 255 halipitishi kitu, 0 halionekani kabisa. Anayetumia C# na Windows Forms anaandika mstari mmoja tu, anaweka Opacity kuwa 0.8, basi, anajiona fundi.

Tatizo ni kwamba mstari huo haufifishi mandhari peke yake. Unafifisha kila kitu: vitufe, maandishi na tarakimu.

Sasa ipeleke programu hiyo Tunduma. Wakala wa forodha pale anashughulika na ankara za mizigo inayokwenda Zambia na Kongo. Shilingi, kwacha na dola ziko meza moja. Akifungua fomu juu ya jedwali la Excel, tarakimu za nyuma zinachungulia katikati ya tarakimu za mbele. Hiyo ni 3 au 8? Ni kwacha au shilingi? Tarakimu moja ikikosewa kwenye nyaraka, anayelala barabarani si mwandishi wa programu. Ni dereva na lori lake. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa 2019 ili kupunguza foleni. Tusiirudishe kwa urembo.

Mtanijibu, "Mbona wakubwa wanafanya?" Haya, tuwaangalie. Microsoft ilileta Aero katika Windows Vista mwaka 2007, ikidai kadi ya picha yenye nguvu. Mwaka 2012 Windows 8 ikakiondoa kioo kile. Baadaye kikarudi kwa staili nyingine. Apple ilitoa Liquid Glass Septemba 2025, watu wakalalamika hawasomi vizuri, na Novemba mwaka huohuo iOS 26.1 ikaleta chaguo la kupunguza uangavu. Tena wakubwa hao hutia ukungu nyuma ya dirisha ili maandishi yasomeke, na humpa mtumiaji swichi ya kuzima. Swichi ile ya Windows haiugusi mstari wako wa Opacity. Wewe umempa nini mteja wako?

Mtasema pia mteja hununua kwa macho. Kweli, na sipingi uzuri. Ila huu ni uzuri wa mkakasi. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka tofauti ya mwanga kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake iwe angalau 4.5 kwa 1. Kwenye dirisha la kioo utaiahidi vipi, wakati hujui mteja amefungua nini nyuma yake?

Ujumbe mdogo wa pembeni unaotoweka wenyewe, ufifishe utakavyo. Fomu yenye hesabu iache iwe nzito. Ukishindwa kabisa, weka kitufe cha kuzima.

Na kabla ya kuuza, ipeleke ofisi yenye skrini kuukuu na mlango wazi, saa saba mchana. Mwombe mama mwenye miwani akusomee namba ya kontena kwa sauti. Akikosea, kosa ni lako.

Anayebisha alete hoja.