Maktaba ya kijijini nayo ni pembejeo

Pembejeo zinapotajwa, husikika mbolea, mbegu na dawa. Kitabu hakimo. Hilo ni kosa.

Mwaka 2001 na 2002 njaa iliikumba Malawi. Wilayani Kasungu, William Kamkwamba, mtoto wa mkulima, aliacha sekondari kwa kukosa ada. Hakukaa kijiweni. Katika maktaba ndogo ya shule ya msingi Wimbe alikuta kitabu cha Kiingereza kuhusu nishati, chenye picha za vinu vya upepo. Kwa fremu ya baiskeli, feni ya trekta, bomba la plastiki na nguzo za mikaratusi, akawasha taa nyumbani kwao. Baadaye alijenga kingine cha kuvuta maji.

Nchi haikumjua hadi gazeti la Daily Times la Malawi lilipomwandika mwaka 2006. Mwaka 2007 alisimama jukwaani Arusha, wafadhili wakajitokeza. Mwaka 2014 alihitimu Chuo Kikuu cha Dartmouth, Marekani.

Wengi husifu kipaji na kuishia hapo. Bila kitabu kile, kipaji kingeishia kwenye jembe.

Tanzania iliondoa ada ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Ni hatua njema, lakini kijana anayerudi shambani bado hana pa kusomea. Halmashauri zinazotoza ushuru wa mazao zitenge japo sehemu ndogo kwa rafu ya vitabu vya ufundi, kwa Kiswahili, katika kila kata. Mkulima anayechangia ushuru huo ana haki ya kuuona ukirudi kwa mwanawe.