Uso si Kanga
Ingia duka la vipodozi Kariakoo: muuzaji atakupaka krimu ya rangi mgongoni mwa mkono, chini ya taa nyeupe, kisha akuapie, “Imekukubali, dada!” Usiharakishe. Krimu za aina hiyo, ziitwazo BB na zilizoanzia Ujerumani kwa daktari wa ngozi Christine Schrammek miaka ya 1960 na kuvuma Korea Kusini, hulainisha ngozi, husawazisha rangi, na nyingi hukinga jua. Ipake kwenye taya, toka nje, subiri dakika kumi. Ikiacha ujivujivu, si yako. Kwenye boksi tafuta kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi, na oksidi ya chuma, inayozuia mwanga unaokoleza madoa ya ngozi nyeusi. Ikiahidi kukufanya mweupe, irudishe. Uso si kanga. Hauna kipande cha pili.