Msisingizie TikTok

Kila tamthilia ikikosa watazamaji, lazima mtu mzima fulani aandike kwamba vijana na simu zao wameua jukwaa. Hebu tuambiane ukweli.

Lupita Nyong'o akiwa na miaka 14 alicheza Juliet na Phoenix Players hapa Nairobi. Alipobeba Oscar 2014, Kenya nzima tukasema "huyo ni wetu", hata wale hawajawahi kukanyaga ukumbi wa maigizo. Miaka mitatu baadaye, 2017, Phoenix wakafunga pale Professional Centre, Parliament Road. Kaukumbi kadogo tu, viti 120 hivi. Waigizaji walikuwepo, hadithi zilikuwepo. Kilichowamaliza ni deni la kodi. Na mwaka huo, nani hapa alikuwa na TikTok?

Sasa mchukue mwongozaji wa jukwaa dogo leo. Tuseme viti 100, tiketi elfu moja. Ikijaa ni laki moja, na haijai. Hapo bado kuna kodi ya ukumbi, fundi wa taa, mavazi, na nauli ya waigizaji wanane kwenda na kurudi mazoezini wiki sita. Ndiyo maana unampata mtu amesomea kuongoza michezo, ana script yake kali kwa droo, lakini yuko barabarani akizungusha vitabu teule shuleni. Bembea ya Maisha asubuhi shule hii, mchana ile nyingine. Simdharau, hiyo ndiyo inamlisha. Lakini script inabaki kwa droo.

Na usiniambie sanaa ni wito. Mwenye nyumba hapokei wito.

Serikali nayo inapenda drama ikiwa ya watoto. Washindi wa tamasha la shule wanaalikwa kumwigizia Rais, picha zinapigwa, makofi. Wakimaliza shule waende wapi? Waulize.

Lakini leo sijakuja kupigana na serikali. Nimekuja kwetu sisi, wenye peji na wafuasi. Mimi nina dhambi hii. Kuna mwongozaji mmoja, simtaji, nilimwomba tiketi mbili za bure, ati nitampigia debe. Akanipa. Nikafika nimechelewa, nikawekwa mbele, nikapiga selfi. Onyesho lilikuwa moto, manze.

Wakati wa kutoka nikampata mlangoni ameinamia simu, akiwatumia waigizaji pesa zao mmoja mmoja. Zikaisha kabla afike kwa dada wa mwisho. Akamwambia, "Wewe nitakutumia Jumatatu, si ni sawa?" Dada akasema ni sawa. Haikuwa sawa, hata sura yake ilisema.

Mimi huyo nikapita, nikaenda kula baga na chipsi za elfu moja na mia mbili. Mwenye hoteli sikumwomba anipe bure nimpostie. Ningeanzia wapi?

Tiketi zangu mbili zingemlipa yule dada. Ile posti niliyoahidi? Niliiweka Jumatatu, onyesho lishaisha.

Wikendi hii kuna mchezo mwingine wa mwongozaji huyo huyo. Nimelipa mbili kwa till, bei kamili. Wewe unayenitumia ujumbe niweke jina lako mlangoni, namba ya till iko kwa bango.