SEHEMU YA 4: MPIME KWA KARATASI, SIYO KWA SAUTI

 

Leo naacha chanjo kidogo. Naongelea namna wapinzani wanavyozungumza bungeni. Mnanitumia sana zile video fupi za WhatsApp, na maoni ni yale yale mawili. Kundi la kwanza: "Huyu kidume, kawachana!" Kundi la pili: "Huyu hana adabu, kelele tu." Nasema makundi yote mawili mnakosea, na kosa hilo linatugharimu.

Chukua mfano wa David Kafulila. Mwaka 2014 alikuwa mbunge wa Kigoma Kusini kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Mtu wa kung'ang'ania huyo. Alishika jambo moja tu, akaunti ya Tegeta Escrow, akalirudia mpaka watu wakamchoka. Kwa wasiokumbuka: TANESCO na kampuni ya kufua umeme ya IPTL walikuwa wanabishana juu ya malipo. Mwaka 2006 ikafunguliwa akaunti Benki Kuu, pesa zikae humo mpaka ugomvi uishe. Mwishoni mwa 2013 pesa zikatoka. Kafulila akauliza: zimetoka ngapi, zimekwenda kwa nani, nani kaidhinisha?

Juni 2014 bunge likachafuka. Mwanasheria Mkuu wa Serikali wakati huo, Jaji Frederick Werema, akamfananisha na tumbili. Kafulila naye akarusha neno "mwizi". Karibu washikane.

Sasa niambie ukweli wako. Ukisikia Escrow, unakumbuka nini? Tumbili! Wengi mnakumbuka tumbili. Swali la pesa mmelisahau.

Hapo ndipo ninapogombana na nyie. Tusi lilikuwa dogo kuliko vitu vyote vilivyotokea mwaka ule. Kilichofanya kazi ni maswali. CAG akakagua. Novemba 2014 Kamati ya Hesabu za Serikali, mwenyekiti wake Zitto Kabwe, mpinzani pia, ikaleta ripoti bungeni: zaidi ya shilingi bilioni 300, majina, tarehe, benki. Zitto hakuhitaji kutukana mtu. Alisoma. Ukimsikiliza mtu anayesoma tarakimu unaweza ukasinzia, lakini wanaotajwa humo hawasinzii. Desemba Werema akajiuzulu, akisema ushauri wake haukueleweka. Profesa Anna Tibaijuka, mbunge wa hapa hapa Kagera, Muleba Kusini, akaondolewa uwaziri kwa sababu ya shilingi bilioni 1.6 alizopokea. Yeye alieleza kuwa ni mchango wa shule. Serikali nayo ilishikilia kwamba pesa za akaunti ile ni za IPTL, siyo za umma. Sawa, kila upande ulijitetea. Lakini angalau tulikuwa na kitu cha kubishania, kwa sababu kulikuwa na karatasi mezani.

Msiseme hayo ni ya wakubwa. Mwaka ule ule wafadhili walizuia mamia ya mamilioni ya dola za kusaidia bajeti kwa sababu ya sakata hilo. Bajeti ndiyo hiyo hiyo inayonunua dawa na kuajiri manesi. Wakubwa wanagombana Dodoma, mwenye kukosa ni mama aliyebeba mtoto mgongoni.

Kwenye uuguzi tunafundishwa: kisichoandikwa hakijafanyika. Unaweza ukaapa kwamba mgonjwa ulimpa dawa saa mbili. Kama haipo kwenye faili, hukumpa. Mpime mbunge hivyo hivyo, mpinzani au wa chama tawala. Ametaja kiasi? Ametaja mwaka? Ametaja ofisi inayopaswa kujibu? Kama hakuna hata kimoja, hiyo ni ngoma tu, hata kama anapiga meza mpaka inapasuka.

Na nyie mnaopenda adabu, msijifiche. "Hana adabu" imekuwa dawa ya kunyamazisha watu. Mama akiuliza makato ya kahawa kwenye mkutano wa chama cha msingi, anaambiwa ana mdomo. Upole siyo ukweli. Mtu anaweza kukuibia huku anakuita mheshimiwa.

Video fupi nazo zina shida yake. Januari 2016 serikali ilitangaza TBC itaacha kurusha mijadala ya bunge moja kwa moja, sababu gharama. Tukazoea vipande. Na anayekata kipande anabakiza tusi, anatupa hesabu. Wewe ukikisambaza umemsaidia kazi.

Kuna atakayeniambia, "Lakini Kafulila si alihama?" Ndiyo. Mwaka 2017 alihamia CCM, baadaye akapewa ukuu wa mkoa wa Simiyu. Mtu amehama, swali halijahama. Aliyempenda kwa ukali wake alibaki yatima siku ile. Aliyeshika swali bado analo mkononi.

Kwa hiyo, mama, jifunze kuuliza kwa karatasi. Sera ya afya inasema mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano wanahudumiwa bila malipo kwenye vituo vya umma. Ukiambiwa ulipe, usitukane nesi, na usinyamaze. Omba risiti. Andika tarehe, kiasi, na ulichoambiwa. Peleka kwa mganga mfawidhi, akishindwa peleka kwenye kamati ya kituo, halafu kwa diwani. Nawaambia mimi niliyeko upande wa pili wa dirisha: anayefoka tunamsahau akishatoka mlangoni. Mwenye karatasi lazima ajibiwe.

Kabla hujanitumia video nyingine, iangalie mara mbili, halafu niandikie hapo chini: ameuliza nini? Ukikosa cha kuandika, usiitume.

Sehemu ya 5 tunarudi kwenye kadi ya kliniki. Mtoto alale salama.