KAZI ZA WATU: Mama wa hoteli tatu



Mwezi uliopita binti mmoja wa darasa langu aliniambia, "Mwalimu, mimi shule naacha. Nimepata kazi hotelini." Kazi yenyewe ni kuosha masahani. Sikumgombeza, maana hali ya nyumbani kwao naijua. Nilimpeleka kwa mama mmoja jirani yetu hapa Kakuma, ambaye amekula jasho la hoteli zaidi ya miaka 20. (Kwa sisi hoteli ni pa kula, siyo pa kulala!)

Mama huyo alianzia Uvira, kwenye nganda kando ya ziwa Tanganyika. Kazi ilikuwa kuchoma mikeke, kusonga bugali na kutwanga sombe. Mteja akilewa na kukataa kulipa, patron alikata deni kwenye mshahara wa mhudumu. Hapo akajifunza kudai pesa kabla ya chupa ya pili.

Vita ikamleta kambini. Kazi ya kwanza aliipata kwa Wahabeshi, na miezi mitatu hawakumruhusu kugusa unga. Injera siyo chapati, jamani. Unga wa tefu unakorogwa na maji, unaachwa uchachuke siku mbili au tatu mpaka utoe povu. Halafu unamiminwa kwa kuzungusha juu ya kikaango kipana, unafunikwa, wala haugeuzwi. Vile vitundu vidogo vidogo juu yake ndivyo vinaonyesha kama umechachuka vizuri. Kwa joto la Kakuma ukichelewa kidogo umekuwa siki. Tena tefu ni ghali, kwa hiyo wengi wanachanganya na unga mwingine.

Kitu kingine, Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi wanafunga. Hawali nyama, maziwa wala mayai. Jumatano moja mama yetu alitia siagi kwenye shiro. Wateja watatu walisimama wakaondoka, na yeye siku hiyo hakulipwa.

Akahamia kwa Wasomali. Kule mtu anaamka kabla ya alfajiri: kanjero, chai ya maziwa yenye iliki, mchana wali na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni. Nyama lazima iwe halali. Bia haiingii, jambo ambalo baada ya Uvira lilimfurahisha sana. Mwezi wa Ramadhani mchana jiko limelala, kazi inaanza alasiri inakwenda hadi daku.

Leo ana kibanda chake mwenyewe. Makaa ananunua kwa akina mama Waturkana, maji anapanga foleni, cheti cha afya cha wapishi anapimwa upya kila miezi sita. Lakini yote hayo anasema ni madogo. Kinachomnyima usingizi ni daftari la madeni. Posho ikipunguzwa, watu wanakula kwa mkopo, na jirani huwezi kumfukuza na watoto wake.

Akalitoa lile daftari, akampa binti. "Mwanangu, nijumlishie ukurasa huu." Yeye mwenyewe aliishia darasa la tatu. Binti akapiga hesabu mara mbili, akanitazama kwanza, ndipo akasema, "Mama, hapa umejipunja shilingi 400." Wakafungua ukurasa mwingine, nao vilevile. Mama alinyamaza kitambo. Miaka mingapi hiyo!

Wakapatana. Kila Jumamosi binti anaandika madeni na kufundishwa kupika, analipwa kidogo na anabeba chakula kwa wadogo zake. Jumatatu alirudi darasani. Alhamisi hakuja. Nyumbani kwao bado wanasema pesa ya Jumamosi moja haitoshi, na kweli haitoshi, nimeiona. Wiki hii nitakwenda tena kuzungumza na shangazi yake, ndiye anayewalea.

Mwezi ujao tutamtembelea fundi cherehani. Mwalimu wenu.