Kipupwe Kisicho na Baridi

Sisi tukaao Nairobi na vitongoji vyake twajua kuwa Julai ni mwezi wa makoti. Jua huchungulia mchana kidogo, kisha ukungu na manyunyu hurudi, na kila mtu hulalamika. Basi Jumamosi moja ya Julai niliamka nikakuta mbingu haina hata wingu. Nilimshukuru Mungu, nikamchukua mpwa wangu, tukaenda kupanda vilima vya Ngong.

Kosa langu lilikuwa maji. Mtu aendaye Ngong wakati wa kipupwe hufikiria sweta, hafikirii maji, nasi tulibeba chupa moja ndogo. Kilele cha Lamwia kina urefu wa mita 2,460 hivi, na mgongo ule wote wa vilima hauna kivuli cha maana. Tulipita mitambo ya umeme wa upepo, ambayo ya kwanza iliwekwa mwaka wa 1993, tukaikuta imesimama kimya. Ngong bila upepo! Tulipofika kilima cha tatu kijana alishikwa na kizunguzungu, midomo imemkauka, akakaa chini akakataa kuinuka.

Aliyetuokoa ni mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akichunga mbuzi upande wa Bonde la Ufa. "Mpe kidogo kidogo, baba, asije akatapika," aliniambia huku akinipa dumu lake. Nami, kwa kutaka mazungumzo, nikasifu hali ya hewa. Alinitazama tu, kisha akanionyesha nyasi. Mvua za masika zikiisha, alisema, ni ukungu huo tunaoulalamikia mjini unaozilowesha, na safari hii ukungu haukuja. Nyasi zilikuwa rangi ya mchanga.

Naandika haya kwa kuwa magazeti na redio huziita siku kama hizo "hali nzuri ya hewa". Nzuri kwa nani? Kwa mwenye bomba nyumbani, labda. Watangazaji wetu wangetueleza pia malisho yakoje na vijito vikoje. Na wanaotoza ada langoni wangeweka hapo pipa la maji safi, kwani si kila mpandaji atakutana na mchungaji mwenye huruma.

Tulishuka saa kumi. Dumu nilimrudishia mama yule likiwa tupu, akalifunga mgongoni akafuata mbuzi wake. Maji ya karibu, alisema, yalikuwa chini kabisa bondeni.